Uzi Mwekundu Pembeni mwa Picha

Mtungi wa kitanda cha sita ulikuwa umeongeza dozi tena. Dakta Sikitu Kihwele aliisoma namba iliyowaka tumboni mwa mashine, akayatazama macho ya mgonjwa, kisha akairudia namba ile kana kwamba ingeona haya na kujirekebisha. Haikuona haya. Dozi ilikuwa imepanda, na macho ya Mama Semeni yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Macho ni tangu Jumapili," alijibu Sista Otilia Komba, muuguzi mkuu wa wodi. "Dozi imepanda juzi, ikapanda jana, na leo asubuhi tena. Nimejaribu kuizuia kwa mkono, mashine inanikatalia. Inaniambia nisome andiko. Nikiwauliza madaktari, wote wananiambia mtungi haukosei. Ndiyo maana nikakuita wewe wa picha."

"Ni kweli haukosei," Sikitu alisema. "Unatii tu."

"Hebu ongeeni kwa sauti, na mimi nisikie ninavyokufa," alisema Mama Semeni kutoka kitandani.

Alikuwa mwanamke wa makamo, muuza maarufu wa ulanzi, pombe ya mianzi, mtaani Kihesa, mwenye mikono mipana na sauti iliyozoea kunyamazisha walevi. Saratani ya umio ilikuwa imemfikisha mahali pa kunywa maji kwa kijiko. Sasa juu ya kabati lake palikuwa na sahani yenye mabaki ya ugali na mwiba wa samaki.

"Huyu Mngoni wako ananong'ona tangu asubuhi," aliendelea. "Mngoni akinong'ona ujue anapanga kuja kuteka ng'ombe."

"Ng'ombe utawatoa wapi, Mhehe wewe?" Otilia, mtani wake, alimfunika miguu. "Si umeshawageuza wote kuwa ulanzi?"

Mtungi uliguna. Mkono wake mwembamba uliteleza chini ya shuka, ukapenyeza sindano ubavuni mwa Mama Semeni, ukanyofoa chembe ya ini isiyozidi punje ya ulezi, ukarudi nayo tumboni. Ndivyo ilivyofanya mitungi yote, katika kila hospitali kutoka Kigoma hadi Lamu. Ilipika dawa ya kila mgonjwa papo hapo kitandani, na kipimo ilikipata kwa kulinganisha nyama ya mgonjwa na picha zilizochapishwa katika andiko la watafiti. Maneno ya andiko haikuyajali. Iliamini picha, na sheria iliiruhusu kuamini picha yoyote iliyosimama katika Hazina ya Tafiti. Kazi ya Sikitu ilikuwa kuzikagua picha za Hazina. Andiko la dawa hii, ambayo watu waliiita Lukosi, hakulikagua yeye. Lilipitishwa wakati akiwa masomoni nje.

Maandishi yakajitokeza kwenye skrini: INI LA MGONJWA HALIFANANI NA PICHA YA SITA. UGONJWA UMEFIKA INI. DOZI IMEONGEZWA.

"Umeona?" Otilia alisema. "Kila siku wimbo ni huo huo."

"Nionyeshe hiyo Picha ya Sita."

Ilikuwa picha ya ini la mtu aliyetumia Lukosi mwaka mzima, iliyochukuliwa kwa hadubini na kukuzwa. Seli zilijipanga kwa mistari kuuzunguka mshipa wa katikati, kila moja na kiini chake cha zambarau, bila kovu, bila pengo. Sikitu aliitazama bila kuipenda. Dawa yoyote ya saratani ni sumu iliyopewa adabu. Ini lililopokea sumu mwaka mzima, hata kwa adabu, halibaki hivi.

Kwenye kona ya chini kushoto palikuwa na kiputo cha hewa kilichonaswa kati ya vioo, kidogo, chenye umbo la figo. Aliita Picha ya Pili, ini la mtu ambaye hajaonja hata tone la dawa. Kiputo cha umbo la figo kilikuwa juu, kulia. Aliizungusha picha kwa kidole hadi juu ikawa chini, akaisogeza juu ya Picha ya Sita. Figo ilikaa juu ya figo. Mshipa ulikaa juu ya mshipa.

"Ni picha moja," Otilia alisema taratibu.

"Ni picha moja."

"Labda walichanganya tu. Hata sisi huku tunachanganya mafaili."

Sikitu aliisogelea skrini. Alikuwa ameanza kuukuza ukingo wa Picha ya Sita, tena, na tena, mpaka picha ikavunjika kuwa vigae vya rangi. Pembeni kabisa, upande wa kulia, ulishuka uzi mwembamba mwekundu, upana wa kigae kimoja. Yeyote mwingine angeudhania hitilafu ya uchapaji. Yeye aliutambua.

Aliwahi kufanya kazi katika Maabara ya Gangilonga, zilikotoka picha hizi. Kule palikuwa na mtindo wao. Andiko likiwa linaandikwa na picha halisi haijawa tayari, waliweka mahali pake picha nyingine nzuri, ili ukurasa usikae mtupu. Waliiita picha ya posa, kwa mfano wa ile anayotumiwa mchumba wa mbali, ambayo hailazimiki kufanana na mtu atakayeshuka kituoni. Na kwa kuwa mkuu wa maabara alijua hatari ya mchezo ule, aliweka sharti lisilo na msamaha: kila picha ya posa izungushiwe fremu nyekundu, nene, ya kuumiza macho, asipatikane mtu wa kusema alisahau kuitoa.

Aliyesahau angeiacha fremu nzima. Hapa fremu ilikuwa imekatwa, ila mkono ulioikata ulitetereka kidogo upande mmoja.

"Kalolo," Otilia alisema ghafla. Alikuwa akikitazama kitanda cha nne, kilichotandikwa shuka safi. "Mzee Kalolo Mdemu, yule mkulima wa vitunguu wa Kalenga. Wiki iliyopita. Macho haya haya, na mtungi ulimmiminia mpaka dakika ya mwisho. Tukaandika saratani imefika ini."

"Mlichukua nyama baada ya kufa?"

"Kwa nini tuchukue? Mtungi ulishasema."

* * *

Profesa Leonsi Mhapa, mkuu wa Maabara ya Gangilonga na mwenye andiko la Lukosi, alimfungulia Sikitu mlango mwenyewe. Alikuwa amezeeka vizuri, shati jeupe limepigwa pasi, na uso wa mtu ambaye kwa miaka mingi amesalimiwa kwanza.

"Kamwene, binti yangu."

"Kamwene, Profesa."

"Chai?"

"Hapana."

Aliweka mezani picha mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa juu chini. Profesa alivaa miwani, akaangalia, akaivua.

"Unawajua vijana wa maabara," alisema. "Picha ya posa, imesahaulika ndani. Aibu kubwa. Tutaomba radhi."

"Fremu imekatwa."

"Sikitu..."

"Uzi wake mwekundu umebaki upande wa kulia. Nani aliikata?"

Sikitu akikasirika hupunguza sauti. Sasa Profesa alilazimika kuinama ili amsikie, na alipoinama akawa kama mtu anayelazimishwa kuungama. Aliyatazama makabati ya vioo yaliyojaa ukuta mzima.

"Mimi," alisema.

"Picha halisi ipo?"

"Ipo."

"Sitaki picha. Nataka kioo chenyewe chenye nyama ya ini."

Hakubishana. Alivuta droo, akatoa kipande cha kioo kirefu kama kidole, akampa kwa ncha za vidole. Sikitu alikiweka chini ya hadubini. Hakuhitaji muda mrefu. Mistari ya seli ilikuwa imevurugika. Kati yake zilipita kamba za makovu yaliyopauka, na nyongo ilikuwa imeganda katika vijibwawa vya kahawia. Ilikuwa picha ya ini linalozama. Ilikuwa vilevile picha iliyo wazi kuliko zote alizowahi kuziona za madhara ya dawa. Hata mashine ingeielewa. Hasa mashine.

"Ungeiweka hii," alisema bila kuinua jicho, "mitungi ingejua. Ingeona ini la Mzee Kalolo linaanza kuota makovu, ingesema hii ni dawa, ingepunguza. Dawa yako inafanya kazi, Profesa. Hilo ndilo linalonichoma. Nimemwona mama aliyeshindwa kumeza maji akila samaki. Ilihitaji kipimo kidogo tu. Hukuwa na haja ya kudanganya."

"Ningeiweka hiyo, wangenirudisha kwenye majaribio miaka mitatu mingine. Huyo mama wako wa samaki angekuwa kaburini."

"Na Mzee Kalolo angekuwa Kalenga anamwagilia vitunguu."

"Ni mtu mmoja, Sikitu."

"Umewahesabu?" Sasa aliinua uso. "Kila anayekufa manjano mtungi unaandika saratani imefika ini. Watakuwa wangapi, nchi ngapi, hujui, wala hakuna atakayejua, kwa sababu picha yako ndiyo inayoandika vyeti vyao vya kifo. Hukumwua mtu ukakimbia. Umeua na kuacha mashine inayosema si wewe."

Profesa aliifunga droo. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya darasani, tulivu, ile ile iliyomfundisha Sikitu kushika kioo bila kukitia alama ya kidole.

"Haya. Nihukumu, halafu tufikiri kama wanasayansi. Mbele yako kuna vitufe viwili vya Hazina. Kuna Kughushi. Ukikibonyeza, andiko linafutwa, na ndani ya saa moja kila mtungi unaopika Lukosi unajifunga. Uvimbe ukikatiwa dawa ghafla unarudi kwa kasi. Hilo liko kwenye andiko, na hilo ni kweli. Maelfu ya watu. Kuna Bahati Mbaya. Tunaweka picha halisi, mitungi inajisahihisha leo hii, na hakuna anayekosa dawa. Ila mkaguzi lazima aape kwamba kosa halikuwa la makusudi."

"Kulikuwa na cha tatu. Onyo, bila kufunga dawa."

"Kilikuwepo. Hospitali zikakilalamikia kwamba kinatia wasiwasi wagonjwa, kikaondolewa. Ulikuwa kwenye kikao, nadhani."

Alikuwepo. Alipinga, akaandikwa kwamba alipinga, ikaishia hapo.

"Kwa hiyo niape uongo."

"Uape kitu kitakachookoa watu." Profesa alirudisha miwani usoni. "Ndicho nilichofanya mimi. Sasa utanielewa."

Hakuna tusi ambalo lingemwumiza zaidi, na Profesa alilisema kwa upole kabisa. Sikitu alikifunga kioo ndani ya kasha lake la ukaguzi, akakibandika lakiri.

"Hicho ni mali ya maabara," Profesa alisema.

"Soma sheria. Ni ushahidi."

* * *

"Niambie kama mtu mzima," Mama Semeni alisema. "Usinizungushe."

Sikitu alivuta kiti, akamwambia. Alimwambia kuhusu picha na mtungi, alimwambia kwamba dawa inayomfungua koo ndiyo inayomchoma ini, na kwamba mtu mmoja alijua. Alimweleza na vile vitufe viwili. Otilia alisimama upande wa pili wa kitanda, mikono kifuani, akiutazama mtungi kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata jirani.

"Kwa hiyo huyo profesa ameniokoa na kuniua kwa mkono mmoja," Mama Semeni alisema.

"Ndiyo."

"Mjinga mwenye shule." Alijikuna mkono, ngozi yake nayo ilishaanza kuwasha, kama inavyowasha nyongo ikikosa njia. "Sikiliza, Dakta. Nimekaa miezi nikiwamiminia watu ulanzi huku mimi mwenyewe nikishindwa kumeza mate yangu. Wananiambia mama kunywa basi na sisi, nacheka, naingia ndani nalia. Usije ukanifungia hili dude kwa ajili ya haki. Ukilifunga, nitakufa, halafu nitakuja kukaa mlangoni kwako kila jioni."

"Mzimu wa Mhehe utakuwa na kelele," Otilia alisema, lakini hakucheka.

Mama Semeni naye hakucheka. Alikitazama kitanda cha nne.

"Ila Kalolo," alisema. "Yule mzee tulikuwa tunataniana hapa mchana kutwa. Siku ile alipokufa, mkewe alikuja. Sista, unakumbuka alichoambiwa? Yule daktari kijana alimwambia ungemleta mapema, isingefika ini. Mama wa watu akaanguka pale chini. Analia, nilimchelewesha, nilisubiri tuuze vitunguu kwanza. Mpaka leo atakuwa analia hivyo hivyo."

"Nakumbuka," Otilia alisema.

Sikitu hakuwa na habari hiyo. Hasira iliyokuwa imetanda kila mahali tangu asubuhi ikapata mahali pa kukaa. Kitufe cha Bahati Mbaya kingemponya huyu. Kingemwacha yule mjane amelala pale chini maisha yake yote.

Halafu akaona kitu ambacho Profesa hakukitaja, labda kwa sababu hakuwahi kukifikiria. Hazina iliadhibu andiko. Haikuwa na uwezo juu ya mtu. Mtu aliadhibiwa na mahakama, na mahakama, kwa taratibu zake zote ndefu, haina ufunguo wa mtungi hata mmoja. Njia ya kumfikia Mhapa bila kumgusa Mama Semeni ilikuwepo. Mlangoni mwa njia hiyo ulikaa uongo wa Sikitu mwenyewe, nao ungemfuata ndani.

Alikitoa kioo kwenye kasha, akakiweka kwenye kisomeo cha mtungi, akaituma picha yake Hazina mahali pa Picha ya Sita, kisha akakifunga kioo tena kwa lakiri. Alibonyeza Bahati Mbaya, skrini ikaleta kiapo. Alikisoma chote, neno kwa neno, ingawa alikijua kwa moyo: ninaapa kwamba kosa hili limetokea kwa bahati mbaya, na kwamba sijui lolote lililo kinyume cha hayo.

"Dakta," Otilia alisema kwa sauti ya chini. "Wakijua, wanakunyang'anya leseni."

"Najua."

Aliweka kidole gumba.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mtungi uliguna, mkono ukapita chini ya shuka, Mama Semeni akauma meno, mkono ukarudi. Otilia aliinama kwenye skrini akasoma kwa sauti: "Ini la mgonjwa linafanana na Picha ya Sita. Madhara ya dawa. Dozi imepunguzwa."

"Imepunguzwa kiasi gani?" Mama Semeni aliuliza.

"Zaidi ya nusu."

"Shenzi kabisa," Mama Semeni aliuambia mtungi. "Kumbe ulikuwa unaweza."

Otilia aligeuka dirishani akafuta macho kwa kiganja, kisha akasema kwa ukali kwamba wodi nzima inamsubiri yeye, akaondoka kwenda kuangalia vitanda vingine.

Simu iliita Sikitu akiwa ukumbini.

"Nimeona Hazina," Profesa Mhapa alisema. Furaha yake ilikuwa ya kweli. Hilo nalo lilimkera. "Asante, binti yangu. Nilijua nimekulea vizuri. Wewe na mimi sasa tunajua uzito wa kazi hii."

"Umenishukuru mapema, Profesa," Sikitu alisema, akakata.

* * *

Mama Adelina, mjane wa Mzee Kalolo, alikuwa uani kwake Kalenga akichambua vitunguu vilivyoanikwa juu ya turubai, vizima huku, vilivyooza kule. Alivaa kaniki ya msiba. Alimkaribisha mgeni kwa kigoda, wakasalimiana kamwene kwa kamwene, wakaulizana habari za barabara na za mvua, kwa sababu haifai kuanza na kifo.

"Nimetoka mjini kwa ajili ya mzee," Sikitu alisema hatimaye. "Naitwa Dakta Kihwele. Sikuwa daktari wake. Mimi nakagua picha zinazofundisha ile mitungi."

Mjane aliendelea kuchambua. "Nilichelewa kumleta," alisema, kama mtu anayetaja jina lake kwa mgeni. "Waliniambia."

"Hukuchelewa, mama."

Mikono ikasimama.

"Saratani haikufika ini. Ini lake liliharibiwa na dawa, kwa sababu mtungi ulidanganywa. Ulidanganywa na mtu aliyejua anachofanya. Ungemleta mwezi mmoja kabla, angemiminiwa dawa ile ile mwezi mmoja zaidi."

Mama Adelina alimtazama kwa muda mrefu. Machozi hayakuja. Kilichokuja usoni mwake, polepole, Sikitu alikitambua, kwa kuwa alikuwa amekibeba mwenyewe tangu wodini.

"Sikuchelewa," mjane alisema.

"Hukuchelewa."

"Watoto wangu hawanisemeshi. Adelina anapika, ananiwekea chakula, hanisemeshi." Aliokota kitunguu kilichooza, akakiminya mpaka kikapasuka, akakitupa. "Huyo mtu anaishi?"

"Anaishi. Leo amefurahi sana."

"Na haya unayoniambia mimi hapa uani, utayasema mbele ya hakimu?"

"Nitayasema. Kioo cha picha ya kweli kiko chini ya lakiri. Lakini ujue kitu kimoja kabla hujakwenda mahakamani. Leo niliapa kinyume chake. Niliapa kwamba ilikuwa bahati mbaya, ili wagonjwa waliobaki wasifungiwe dawa. Wakili wake atalitumia. Atasema shahidi wako ni mwongo, na atakuwa anasema kweli."

"Watakufukuza kazi."

"Watanifukuza."

"Una watoto?"

"Mmoja."

Mama Adelina alitikisa kichwa, hakusema ni kwa huruma au kwa hesabu. Alijipangusa mikono, akasimama, akaita kuelekea jikoni, kwa sauti ambayo ni wazi ilikuwa haijatumika kwa siku nyingi:

"Adelina! Acha hiyo sufuria uje hapa. Waite na kaka zako."

Kisha akaketi tena, sasa akiwa amenyoosha mgongo, akamgeukia mgeni wake.

"Wakifika utasema upya, yote, toka mwanzo. Anza na jina la huyo mtu."

"Nitalisema," Sikitu alijibu. "Lakini nitaanza na langu."